Barua za Madeni ya Mwenzako Aliyehama

Katika miji ya Uingereza ambako watu wetu wengi kutoka Unguja, Mombasa, Dar es Salaam, Ngazija na Barawa wamejaaliwa kupata makazi, ni jambo la kawaida nyumba moja kupangwa na watu watatu au wanne wasiokuwa na nasaba baina yao, kila mmoja na chumba chake, wakishirikiana jiko, choo na mlango mmoja wenye tundu la barua. Na kwa kuwa maisha ya kazi na masomo ni ya kuhamahama, aghalabu mmoja huondoka na mwingine akaingia mahali pake, na yule anayebaki hurithi, pasipo kutaka, barua za aliyekwenda zake. Nyingi katika barua hizo hazina uzito. Lakini miongoni mwake hutokea bahasha za namna nyingine, zisizoonyesha jina la mpelekaji, zenye onyo la haraka lililoandikwa kwa wino mwekundu, nazo hurudi baada ya wiki mbili au tatu, kila moja kali kuliko iliyotangulia, mpaka yule aliyebaki, ambaye hakukopa hata senti moja, akaanza kushtuka kila asikiapo mlango unagongwa.

Mtu wa namna hii ana mambo mawili ya kuyahifadhi: haki yake mwenyewe mbele ya sheria, na heshima ya mwenzake ambaye hayupo kujisemea. Nimeona watu wakilishika moja na kulitupa la pili. Ama wakamtoa mwenzao mzima mzima kwa mdai ili waachwe salama, ama wakamficha kwa uongo hata wakajitia wao katika mashaka. Yote mawili hayana haja, maana njia ya kuyahifadhi pamoja ipo, nayo si ngumu kwa mtu anayeianza mapema.

Jambo la kwanza la kulijua kwa yakini ni kwamba deni humfuata mtu, halifuati nyumba. Imeenea dhana baina ya watu wetu, na baina ya Waingereza wenyewe, kwamba nyumba aliyokaa mdaiwa huandikwa katika orodha mbaya, na kwamba kila aingiaye humo baada yake atanyimwa mkopo wa benki au simu ya mkataba kwa sababu ya anwani. Dhana hiyo haina msingi. Kampuni tatu zinazoweka kumbukumbu za mikopo nchini humo, yaani Experian, Equifax na TransUnion, huandika habari za mtu kwa jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na anwani alizokaa. Na habari za mtu mmoja haziunganishwi na za mwingine kwa kulala chini ya paa moja, bali kwa kushirikiana katika fedha, kama vile kufungua akaunti moja ya benki kwa majina mawili au kuchukua mkopo kwa pamoja. Ikiwa wewe na mwenzako mliwahi kufungua akaunti ya namna hiyo ili mpate kulipia kodi ya nyumba kwa urahisi, basi uhusiano upo, na dawa yake ni kuifunga kwanza akaunti ile, kisha kuziandikia kampuni hizo tatu kila moja kwa nafsi yake, kuomba uhusiano ufutwe. Ikiwa hamkufanya hivyo, jina lake na jina lako hayajuani.

Hata hivyo, kabla ya kusema kwa kifua mbele kuwa deni si lako, itazame kwanza asili yake, kwani yapo madeni ya nyumba ambayo huandikwa kwa jina la mmoja ilhali dhima yake ni ya wote. Wapangaji walioweka sahihi katika mkataba mmoja wa upangaji huwa wadhamini wao kwa wao, na mwenye nyumba anayo haki ya kumdai yeyote miongoni mwao kodi yote iliyosalia, si fungu lake peke yake. Kadhalika kodi ya kaunsili, kwa sheria ya mwaka 1992, wapangaji wa mkataba mmoja hudaiwa kwa pamoja na kila mmoja kwa yote. Lakini nyumba inayopangishwa chumba chumba, kila mtu na mkataba wake, kodi hiyo kwa kawaida huwa juu ya mwenye nyumba. Umeme na gesi huwa juu ya yule aliyefanya mkataba na kampuni, walakini ukiwa umebaki katika nyumba na kutumia umeme baada ya mwenzako kuhama, matumizi ya tangu siku ile ni yako, hata kama ankara ingali inakuja kwa jina lake. Kwa hiyo siku mwenzako anapohama, soma mita, zipige picha namba zake, na iarifu kampuni tarehe hiyo hiyo. Hilo ni jambo la dakika chache ambalo watu hulipuuza kwa sababu siku ya kuhama ni siku ya mizigo na kuagana, kisha hulijutia miezi mingi baadaye.

Deni likiwa ni lake mwenyewe, la kadi ya benki, la simu, la duka la nguo au la mkopo wa mshahara, basi kilicho mikononi mwako si deni bali ni barua, na barua ya mtu ni amana. Wazee wetu wa pwani walilijua hili kabla ya posta kuwafikia, na sheria ya Uingereza haiko mbali nao: Sheria ya Huduma za Posta ya mwaka 2000, katika kifungu cha 84, imelifanya kosa la jinai tendo la kufungua barua unayoijua au unayoishuku kuwa imefika kwako kimakosa, ukifungua kwa kukusudia kumdhuru mtu na bila ya udhuru wa maana. Aliyefungua kwa kudhani ni yake hana kosa; airudishe katika bahasha, aifunge, na aandike juu yake kuwa imefunguliwa kwa bahati mbaya. Asiyefaa kuigwa ni yule anayefungua ili ajue mwenzake anadaiwa kiasi gani, kisha habari hiyo ikasafiri kwa simu mpaka Tanga au Lamu kabla jioni haijaingia. Aibu ya deni kwetu ni nzito, na mtu aliyevunjiwa sitara namna hiyo hawezi kuishona tena.

Wala usiitupe jaani. Barua isiyorudi, kwa mtazamo wa mpelekaji, ni barua iliyomfika mwenyewe, na kila unayoitupa humtia moyo kutuma nyingine. Ifanye hivi: piga mstari juu ya anwani, uliache jina, andika juu ya bahasha kwa Kiingereza “Not at this address – return to sender”, kisha iweke katika sanduku la posta lolote lililo njiani, bila ya stempu. Ikiwa nyuma ya bahasha pana anwani ya kurudishia, itarudi huko. Na ikiwa hapana, posta ya Royal Mail huipeleka katika kituo chake kilichoko Belfast, ambako watumishi wenye idhini huifungua kutafuta ilikotoka. Mara nyingi barua tatu au nne zilizorudishwa namna hii hutosha.

Pengine hazitoshi. Madeni ya Uingereza huuzwa: benki ikichoka kumdai mtu humuuzia deni lile mfanyabiashara mwingine kwa thamani ndogo, naye akikata tamaa humpa wakala, na kila linapobadilisha mikono, barua za anwani yenu huanza upya kama kwamba hapakuwa na barua iliyowahi kurudi. Hapo ndipo inapokubidi umwandikie mpelekaji mwenyewe. Anwani ya nyuma ya bahasha aghalabu hutosha kumtambulisha. Na iwapo zimerudishwa barua nyingi na bado humjui, kufungua moja kwa nia ya kumjua tu ili umjulishe ukweli si tendo la kumdhuru mtu, bali mimi naliweka mwisho kabisa, na ikiwezekana lifanywe baada ya kumwomba ruhusa mwenye jina.

Barua yako iwe fupi. Sema kwamba fulani hakai tena katika anwani hii tangu mwezi kadha. Kwamba huna naye mafungamano yoyote ya fedha. Kwamba unataka anwani hii iondolewe katika kumbukumbu zao, maana sheria ya kulinda habari za watu inawalazimisha waweke habari zilizo sahihi. Na kwamba unataka wakuthibitishie kwa maandishi. Weka nakala, na posta uombe hati ya kuthibitisha kuwa umetuma, ambayo hutolewa bure. Basi, usizidishe. Huna wajibu wa kuwaambia mwenzako amehamia wapi, wala kazi anayofanya, wala namba ya simu ya ndugu zake. Na ukiulizwa, jawabu la kwamba hupendi kutoa habari za mtu mwingine ni jawabu la haki na la kweli. Tofauti ya kunyamaza na kusema uongo izingatiwe sana: usiseme kwamba humjui ilhali mlikaa naye mwaka mzima, wala usiseme amekwenda Maskati ilhali yuko mtaa wa pili, kwani neno la uongo likigunduliwa hata ukweli wako wa kwamba wewe si mdaiwa hautasadikiwa.

Wakikupigia simu, watakuomba tarehe yako ya kuzaliwa kwa kisingizio cha usalama. Usiwape. Tarehe hiyo ndiyo inayotenganisha mtu na mtu katika kumbukumbu za mikopo, na kuitoa kwa mtu anayemtafuta mwingine ni kumkabidhi silaha usiyojua ataitumiaje. Tena huna yakini kama aliye upande wa pili ni wakala wa kweli au ni tapeli. Jina la kampuni litafutwe kwanza katika daftari la mamlaka ya Financial Conduct Authority, lililo wazi kwa kila mtu.

Hapa ningependa kukaa kidogo juu ya jambo linalowahusu watu wetu kuliko wengine. Sisi hatuna jina la ukoo kwa namna ya Waingereza. Mtoto huitwa kwa jina lake, likafuata la baba, likafuata la babu, na majina yenyewe ni yale yale yanayopokezana vizazi kwa vizazi. Nyumba moja ikawa na Salim Ali na Ali Salim, au na Mohamed Said wawili wasiojuana hata kijiji, si ajabu kwetu. Bali kwa mashine inayotafuta mdaiwa, watu hao wawili katika anwani moja wanakaribia sana kuwa mtu mmoja aliyeandikwa kwa makosa. Ikiwa jina lako linafanana na la aliyehama, usingoje barua ya pili. Omba taarifa yako ya mikopo kutoka kwa kampuni zote tatu, ambayo sheria inakupa bila ya malipo, uisome kwa makini mstari kwa mstari, na ukiona deni usilolijua, andika kulipinga mara moja. Katika barua yako kwa mdai, eleza waziwazi kwamba ninyi ni watu wawili wenye majina yanayokaribiana; na ikilazimu kuthibitisha, onyesha hati iliyo na majina yako yote matatu pamoja na anwani, ukifunika kwa karatasi namba za akaunti na zote zisizohusika. Pasi yako usiipeleke kwa mtu usiyemjua.

Kanuni za Financial Conduct Authority, ambayo ndiyo inayosimamia mikopo ya watu binafsi tangu Aprili 2014, zinakataza kampuni kumwandama mtu ambaye yenyewe inajua au inadhani huenda siye mdaiwa. Kwa hiyo barua yako moja iliyoandikwa vizuri inabadilisha hali nzima: kabla yake walikuwa na udhuru wa kutojua, na baada yake hawana. Wakiendelea, peleka malalamiko rasmi. Wana wiki 8 za kukujibu, na jibu lisipokuja au lisiporidhisha, unaweza kwenda bure kwa wasuluhishi wa Financial Ombudsman Service, ndani ya miezi 6 tangu jibu lao la mwisho. Wala usikubali kuambiwa kwamba barua hizo hutolewa na kompyuta na kwa hivyo hapana mtu wa kulaumiwa. Neno hilo lilikwisha kusemwa mbele ya majaji mwaka 2009, wakati mwanamke mmoja aliyekwisha kuihama British Gas alipoishitaki kwa kumletea ankara na vitisho asivyostahili. Kampuni ikajitetea kuwa barua zilitoka katika mashine, na Mahakama ya Rufani ikaukataa utetezi huo na kuiachia kesi yake iendelee chini ya sheria ya mwaka 1997 ya kuzuia maudhi. Mashine hufanya inavyoamriwa na watu, na watu hao wana dhima.

Sasa twende mlangoni, ambako ndiko khofu kubwa iliko. Wanaogonga mlango kwa ajili ya deni ni wa namna mbili, na kuwachanganya ndiko kunakowapa wa kwanza nguvu wasizokuwa nazo. Wakusanyaji madeni ni watumishi wa kampuni tu. Hawana haki ya kuingia, wala ya kugusa kitu, wala ya kusimama hapo baada ya kuambiwa waondoke. Madalali wa mahakama ni wengine: hao huja kwa amri, na taratibu zao katika England na Wales ziliwekwa upya Aprili 2014, Uskoti ikiwa na maafisa wake na sheria zake mbalimbali na hizi. Dalali hutanguliza ilani ya siku 7 kamili, ambayo huja, ole wetu, katika bahasha ile ile yenye jina la aliyehama. Huja baina ya saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu usiku. Na kwa madeni mengi hawezi kuvunja mlango mara ya kwanza, bali huweza kuingia kwa mlango uliofunguliwa au usiofungwa kwa ufunguo. Akikwisha kuingia kwa amani na kuandika mali, anaweza kurudi na kuingia kwa nguvu. Faini za mahakama ya jinai zina ukali wake peke yake, maana hapo kuvunja kunaruhusiwa.

Basi mlango ufungwe, na mazungumzo yafanywe kupitia dirisha la juu au tundu la barua. Muombe kitambulisho na hati yake. Mwambie kwa upole kwamba unayemtafuta alihama, na mpitishie nakala ya mkataba wako wa upangaji au ya kodi ya kaunsili yenye jina lako. Dalali mwenye insafu huondoka hapo. Sheria inamruhusu kuchukua mali ya mdaiwa tu, si ya mtu mwingine, na kwa hiyo risiti za vitu vya thamani, televisheni, kompyuta, na hasa gari linaloegeshwa nje ambalo linaweza kufungwa kwa chuma, ziwekwe mahali pamoja panapojulikana. Mali yako ikichukuliwa, andika dai la kwamba ni yako upesi iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya siku 7 tangu ilipoondolewa. Watoto wafundishwe kutofungua. Dalali haruhusiwi kuingia nyumba aliyomo mtoto wa chini ya miaka 16 peke yake, lakini heri yasifike huko.

Na mwenzako, je? Nimesema usimtoe, sikusema umwache. Ikiwa unayo namba yake, mpigie mwenyewe, si jamaa zake, umwambie faraghani kwamba zinakuja barua za namna hii, na umuulize anataka zifanyweje. Hili si ihsani ya maneno tu. Mashitaka ya deni katika England hupelekwa kwa anwani ya mwisho inayojulikana, nayo huhesabiwa kuwa yamefika hata kama mdaiwa amekwisha kurudi Mombasa. Ana siku 14 za kujibu, au 28 akikiri mapema kupokea, na asipojibu hukumu hutolewa bila ya kusikilizwa. Hukumu hiyo hukaa katika daftari miaka 6, isipokuwa akilipa yote ndani ya mwezi mmoja, na humfungia milango siku atakaporudi kutaka nyumba au mkopo. Kwa hiyo bahasha itokayo Northampton, ambako mahakama imeweka ofisi inayoshughulikia madai ya namna hii kwa wingi, isikae siku mbili mezani. Mpigie siku hiyo hiyo, umsomee kilichoandikwa nje ya bahasha, na akikuruhusu kuifungua, mpigie picha kila ukurasa umpelekee. Ukikuta hukumu imekwisha kutolewa bila ya yeye kujua, mwambie kwamba anaweza kuiomba mahakama iitengue, na kwamba awahi kushauriana na National Debtline, StepChange au Citizens Advice, ambao hawatozi chochote. Lakini usimlipie. Rafiki mwenye uwezo akitaka kumsaidia mwenzake ampe mkononi mwake. Malipo yanayotoka katika akaunti yako kwenda kwa mdai wake huweka jina lako palipokuwa hapana jina lako.

Mara moja kwa mwaka kaunsili hutuma fomu ya kuhakiki wapiga kura wa kila nyumba, na wengi wetu huitupa kwa kudhani haituhusu. Inatuhusu, kwa kuwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo, wakaao kihalali wana haki ya kuandikwa na kupiga kura. Katika fomu hiyo ondoa jina la aliyehama na uthibitishe lako. Kampuni za kutafuta wadaiwa hutazama daftari la wapiga kura, na jina lililosahauliwa humo huweza kuziita barua nyumbani kwako mwaka baada ya mwaka.

Ipo hali moja iliyobaki, nayo ni nzito: kwamba mwenzako hakuhama bali alifariki, na barua zikaendelea kuja kwa jina lake. Hapo pia hudaiwi kitu, isipokuwa deni mlilokuwa nalo pamoja. Sheria ya Uingereza hulipa deni la marehemu kutoka katika mali aliyoiacha kabla ya warithi kugawana, kama ilivyo katika mirathi yetu, na mali isipotosha, warithi hawadaiwi kutoka mifukoni mwao. Mjulishe mpelekaji kwa maandishi tarehe ya kifo, na ikiwa jamaa wamekuruhusu, jina la anayesimamia mali yake. Barua zenyewe wakabidhi jamaa zikiwa zimefungwa, kwani wako wengi ambao kwa imani yao watataka kumwondolea marehemu mzigo huo hata ikiwa sheria haiwalazimishi. Wakitaka kulipa, waambie waombe kwanza hesabu ya kila deni kwa maandishi kutoka kwa kila mdai, na wasimlipe yeyote kabla hesabu zote hazijakutana, maana mali ikiwa chache sheria ina utaratibu wake wa nani atangulie, na gharama za maziko zikiwa na nafasi yake ya mbele.